Ukuta Unaokandikwa Kila Mwaka: Sanaa Isiyodumu na Kumbukumbu za Wanawake wa Dodoma

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, Dodoma ikiwa imekauka kiasi kwamba mibuyu imebaki matawi matupu na vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, mama yangu mdogo hukandika nyumba. Anaishi kijiji kimoja upande wa Mvumi. Udongo mwekundu unachimbwa nyuma ya zizi, unalowekwa usiku kucha, asubuhi unachanganywa na mavi ya ng'ombe na kukanyagwa kwa miguu mpaka ushikane. Ili kujua kama umekuwa tayari, anaubonyeza kwa dole gumba: tundu likibaki bila kupasuka pembeni, kazi inaanza. Anachota donge, analibamiza ukutani, analisambaza kwa kiganja kutoka chini kwenda juu. Halafu, udongo ukiwa bado mbichi, anarudi na vidole vinne vilivyotanuliwa na kuvuta mikunjo ya upinde kuzunguka mlango, mmoja juu ya mwingine.

Mvua za Desemba zikianza, upande unaopigwa na upepo unalainika kwanza. Ikifika Aprili, mvua zinapokatika, mikunjo yote imelambwa. Hakuna anayesikitika. Mwezi wa kumi utarudi.

Mwaka juzi nilimuuliza nani alimfundisha. "Nilimkuta mama anafanya," akasema. Kisha akaweka kiganja ukutani na kuvitanua vidole. "Bibi yako alikuwa na vidole virefu, mwanangu. Mikunjo yake ilikuwa mipana kuliko hii yangu. Ungeingia kijijini ukajua mlango ule ni wake."

Bibi alifariki mwaka 1994. Ukuta wake wa mwisho ulisharudi kuwa tope zamani. Lakini upana wa vidole vyake bado unajulikana, na yupo mtu anayeweza kuuonyesha kwa mkono wake mwenyewe.

Fundo ninalotaka kulifungua limefungwa hapo. Tumezoea kwamba urithi ni kitu kilichobaki: jengo, kaburi, picha, kitabu, kisu cha babu kilichotundikwa ukutani. Sasa kitu kinachofutika kila mwaka kinawezaje kuwa urithi? Na kwa nini kazi nyingi za namna hii zimo mikononi mwa wanawake?

Wanaosoma masuala ya sanaa wana jina la kazi kama hizi. Kwa Kiswahili tunaweza kusema sanaa isiyodumu: kazi ambayo kutoweka kwake ni sehemu yake. Nyingine hutoweka kwa sababu malighafi yake ni udongo, unga, majani au maua. Nyingine hufutwa kwa makusudi. Nyingine haikamatiki tangu mwanzo, kwa kuwa ni wimbo au mwendo wa mwili, na ikikoma imekoma. Hina na piko za bibi harusi zimo humu. Nywele zilizosukwa twende kilioni zimo humu pia, maana baada ya wiki chache zinafumuliwa na kichwa kinaanza upya.

Wanawake wa Tamil Nadu, kusini mwa India, huchora kila alfajiri mbele ya mlango maumbo yanayoitwa kolam, kwa unga wa mchele. Hadi jioni yamekanyagwa na sisimizi wamekula sehemu yao. Karibu zaidi na sisi, wanawake wa Kisotho, Lesotho na Afrika Kusini, hupamba kuta za udongo kwa kuzichora kwa vidole na vijiti zikiwa mbichi, na mvua huzifuta. Sanaa hiyo inaitwa litema, neno linalotokana na kitenzi chao lema, yaani kulima. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: lema na lima ni ndugu. Mistari ya ukutani inafanana na matuta ya shamba, na vyote viwili vinasubiri mvua moja.

Niliposoma habari za litema kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Mama mdogo hajawahi kuisikia Lesotho ikitajwa kwa jambo hili.

Jambo la kufutwa kwa makusudi ni gumu zaidi kueleweka, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwaka 1931, mwanaanthropolojia wa Kiingereza Audrey Richards alishuhudia chisungu, unyago wa Wabemba, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Aliona wanawake wakifinyanga sanamu za udongo kwa saa nyingi, wakizipaka rangi na kuzipamba, kisha wakaimba na kucheza nazo mbele ya mwali. Siku hiyo hiyo zikabomolewa. Kesho yake wakaanza nyingine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1956, na mwaka huo huo Hans Cory, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika serikali ya Tanganyika, alichapisha utafiti wake kuhusu sanamu za udongo za unyago na jando katika makabila ya huku kwetu, wakiwemo Wazigua na Wasambaa.

Mtu wa nje atauliza mara moja: kwa nini uvunje kitu ulichokihangaikia siku nzima? Si ungekihifadhi kwa ajili ya mwali wa mwakani, upunguze kazi?

Jibu liko kwenye nyimbo. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba maana. Sanamu ya nyoka au ya nyumba ikikaa peke yake rafuni ni bubu. Mwanamke asiyejua wimbo wake anaona tu udongo uliofinyangwa vibaya au vizuri. Ukiwa na sanamu zilizohifadhiwa, unahitaji mlinzi mmoja mwenye ufunguo wa chumba. Ukizivunja, mwakani unahitaji wanawake kadhaa wanaokumbuka umbo, wimbo, mpangilio na sababu, na unahitaji wasichana wa jana waje kukanda udongo wakiwa sasa upande wa pili, upande wa wanaofundisha. Kuvunja kunawalazimisha kukumbuka. Pia kunaficha: kilichobomolewa hakiwezi kuokotwa na asiyehusika. Wanawake ambao hawakuwa na baraza lenye mlango wala hati yenye muhuri walijenga hazina isiyoweza kuvunjwa kwa shoka, kwa sababu walishaivunja wenyewe.

Turudi Ugogo. Ukihudhuria mapokezi ya kiongozi au sherehe kubwa hapa Dodoma, karibu kila mara utaiona muheme. Hii ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, na asili yake iko katika kuwatia wasichana unyagoni. Wapigaji ni wanawake. Ngoma zenyewe ni za mti uliochongwa, zimebanwa kiunoni kama kinu chembamba, na mpigaji husimama akiwa ameibana ngoma katikati ya mapaja, akiipiga kwa viganja. Watu wengi nje ya Dodoma wanaufahamu muziki wa Kigogo kupitia marehemu Hukwe Zawose, zeze lake na ilimba yake, ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na heshima hiyo anastahili. Ila mpaka leo naona tumewapa wanaume wenye majina sifa ya muziki huu, na tukawaacha wanawake wa muheme wabaki "kikundi cha akina mama".

Tazama jinsi ngoma ile inavyoshikwa. Nilipokuwa mdogo, bibi alinisuka nikiwa nimekaa chini, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake nisitikisike. Alisuka huku akiimba kwa sauti ya chini, na mdundo wa wimbo ulikuwa ukinifikia kwenye fuvu kupitia miguu yake kabla haujanifikia masikioni. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimwona mwanamke amebana muheme vilevile, na mwili wangu ukatambua kabla akili haijapata maneno. Sina wimbo hata mmoja wa siku zile ninaoweza kuuandika mwanzo hadi mwisho. Nina mdundo. Nywele zilifumuliwa Jumapili iliyofuata.

Wanaochunguza kumbukumbu wanatofautisha kukumbuka jambo na kukumbuka namna ya kulifanya. Tarehe unaweza kuisahau na kamwe usisahau kuendesha baiskeli. Urithi mwingi wa wanawake umekaa upande huu wa pili: kiasi cha maji kwenye udongo, mkono unavyopepeta ungo, wakati gani mlenda umefikia. Haukai kwenye karatasi. Unakaa kwenye viungo vya mwili na unahitaji mwili mwingine uhamie. Ndiyo maana kurudia kuna uzito kuliko kutunza. Kitu kinachodumu kinaweza kupita vizazi vitatu bila mtu kukigusa. Kisichodumu kinadai, kila mwaka, kwamba mwanamke mmoja asimame karibu na mwingine.

Mfano mkubwa kuliko wote tunao hapa hapa katikati ya nchi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, imedumu karne nyingi, mingine maelfu ya miaka. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi huko mwaka 1951 na kuinakili kwa uvumilivu wa ajabu: watu warefu wenye vichwa vya duara, twiga, pofu, tembo, kwa rangi nyekundu, na juu yake mara nyingine michoro ya baadaye, myeupe na minene. Rangi imebaki. Waliochora, wake kwa waume, walisema nini wakati wanachora? Mwamba haujibu. Kule Malawi, kwenye miamba ya Chongoni iliyoorodheshwa mwaka huo huo wa 2006, kuna michoro myeupe inayohusishwa na unyago wa wasichana wa Kichewa, na inaweza kusomwa kwa kiasi kwa sababu unyago wenyewe haukukatika. Hata Kolo, sehemu ya michoro inayoheshimiwa zaidi Kondoa, pango la Mungomi halijawa makumbusho matupu: watu bado hulitumia kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Kwa hiyo picha ikidumu bila kitendo inabaki fumbo zuri. Kitendo kikidumu bila picha, kesho kinaweza kuzaa picha nyingine.

Sasa niseme kinachoua sanaa isiyodumu, maana watu hudhani ni mvua.

Wagogo walijenga tembe: nyumba ndefu, fupi kwa kimo, kuta za fito zilizokandikwa, paa tambarare la miti lililofunikwa udongo. Ilifaa nchi yenye msimu mmoja wa mvua usiozidi miezi mitano na upepo mkali. Ilidai matengenezo kila mwaka. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Serikali, baada ya miaka ya ukame na njaa, iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa, na mamia ya maelfu wakahama. Tembe ziliachwa, nyingine zikabomolewa. Baadaye ikaja kampeni ya nyumba bora, bati na tofali. Mwaka 1973 Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 2016 ukaja msukumo mpya wa serikali kuhamia, na mwaka 2018 tukawa jiji. Leo ukipanda mlima kidogo unaona mabati hadi macho yachoke, yanang'aa.

Sisikitikii bati. Tembe huvuja, ina giza, moshi wake unaumiza macho na kifua, na nyoka hupenda lile paa. Hilo niliseme waziwazi, kwa sababu kuna maandishi mengi ya kusifu nyumba za udongo yaliyoandikwa na watu waliolala kwenye saruji. Kukandika ni kazi nzito na haina malipo. Mwanamke aliyechimba udongo, akabeba maji kutoka kisimani kilomita mbili, akakanyaga tope tangu alfajiri, hakuwa anafikiria sanaa muda wote. Mama mdogo anataka saruji. Ameitaka kwa miaka kumi. Mtu gani ana haki ya kumwambia abaki na udongo ili sisi wa mjini tupate cha kupiga picha?

Hii ndiyo sehemu ngumu ya jambo zima. Mvua haijawahi kuiua mikunjo ya mlangoni, kwa kuwa ilirudishwa kila mara. Inaondoka pale sababu ya kuirudia inapokwisha. Ukuta wa saruji hauhitaji mkono wa mtu kwa miaka ishirini, na katika miaka ishirini mjuzi mmoja anakufa na binti mmoja anakua bila kujua. Tembe ya Kigogo iliyopo Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, inamwonyesha mgeni umbo la nyumba. Lakini hata pale udongo haukubali kutulia, na swali linabaki lile lile: nani anaikandika, na nani amesimama pembeni yake akijifunza?

Kuna upande mwingine ambao waandishi wa urithi hupenda kuupita haraka, nami sitaupita. Unyago wa wasichana katika sehemu nyingi za mkoa huu uliambatana na ukeketaji. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2015-16 zilionyesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Sheria ya mwaka 1998 imeufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Kovu nalo ni kumbukumbu inayopita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti, na lenyewe halifutiki. Ndiyo ajabu inayouma: wimbo ulitoweka usiku ule ule, mapambo yalifutwa, na kile ambacho kingepaswa kutoweka ndicho kilichobaki mwilini.

Kwa hiyo wanawake wanaorithisha muheme leo bila kisu wanafanya kazi ya kuchagua. Wanaokota mdundo, nyimbo, mafunzo ya heshima na ujirani, na wanaacha jeraha lifie kwao. Sanaa inayofanywa upya kila mara inaruhusu hilo. Sanamu ya jiwe huibadilishi. Wimbo unaweza kuondoa ubeti mmoja mwaka huu, na mwakani msichana akaujifunza bila ubeti ule, akadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote. Naliita hilo urithi kwa maana kamili, na nawaheshimu wanaolifanya kuliko ninavyoweza kuandika.

Wasanii wa majumba ya maonyesho wamefika hapa kwa njia yao. Ana Mendieta, aliyezaliwa Havana mwaka 1948 na kupelekwa Marekani akiwa na miaka 12, alitenganishwa na mama yake kwa miaka kadhaa. Kati ya mwaka 1973 na 1980 alitengeneza kivuli cha mwili wake ardhini, kwa tope, maua, moto, majani na mchanga wa pwani, kisha akaacha maji na upepo vifanye vyao. Mwaka 1981 alirudi Cuba na kuchonga maumbo ya kike katika miamba ya Jaruco, akiyapa majina ya miungu wa kike wa wenyeji wa kale wa visiwa vile. Alikuwa akitafuta ardhi ya mama zake. Tunachokiona leo ni hasa picha na filamu fupi za kazi hizo. Tofauti yake na mama mdogo ni kwamba yeye alikuwa peke yake, amekatwa kutoka kwenye mnyororo, akijaribu kuurudia kwa mwili mmoja. Mama mdogo bado ameshikwa pande zote mbili.

Picha basi ina kazi gani? Inasaidia, mradi tujue inakamata nini. Picha ya ukuta inaonyesha mikunjo. Haionyeshi dole gumba likijaribu udongo. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaohusu urithi usioshikika, na mkataba huo unasisitiza kurithisha, yaani kuhakikisha jambo linaendelea kutendwa. Ukitaka kumrekodi bibi yako, usianze na matokeo. Weka simu karibu na mikono, uache sauti iingie yote, pamoja na anayoyasema akikosea na kurekebisha. Muulize jina la kila kitu kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, kabla hujakitafsiri. Muulize pia kipi hataki kirekodiwe, maana nyimbo za unyago zina wenyewe, na kuna nyimbo ambazo mwanamume au mtoto hapaswi kuzikuta kwenye simu ya mtu. Halafu zima simu na uloweke mikono.

Mwaka huu mwanawe mkubwa, aliyepata kazi ya ujenzi mjini, alimnunulia mama mdogo mifuko ya saruji. Nyumba imepigwa lipu pande zote nne na paa ni bati. Alifurahi kweli, alinipigia simu mara mbili siku hiyo hiyo. Nilipofika mwezi wa kumi nilikuta jiko la nje limebaki la udongo. Alisema saruji haikutosha.

Asubuhi tulikanyaga tope watatu: yeye, mimi na mjukuu wake wa miaka tisa. Alimwonyesha mtoto kubonyeza kwa dole gumba. Mara ya kwanza udongo ulipasuka pembeni, wakaongeza maji, wakangoja, wakajaribu tena. Mlango wa jiko ni mdogo, kwa hiyo alimwachia mtoto upande wa kushoto wote. Vidole vyake ni vifupi na mikunjo ilitoka myembamba, imebanana, mmoja umepinda kuelekea kwenye mafiga. Nilidhani mama mdogo ataulainisha na kuuvuta upya, udongo ulikuwa bado mbichi. Alinawa mikono, akaenda kuangalia ugali.